Macho Manne Kando ya Mto

Mimi nikiona kitu kizuri napiga kelele. Nimezaliwa hivyo, na mama yangu hivyo hivyo, kwa hiyo msinilaumu. Lakini siku ya ukaguzi kelele zangu nusura zitufungie njia.

Wifi yangu anaongoza wageni kwenye njia ya miguu ya kando ya mto. Mimi nafyeka nyasi. Miaka tisa ameitunza njia ile kama mwanawe. Kiangazi hiki wakubwa wakatuma mkaguzi na sharti moja: kabla ya saa sita mchana tumwonyeshe aina arobaini za maua na viumbe, la sivyo njia inafungwa, panakuwa maegesho ya malori. Na kanuni ya daftari ni macho manne: hakiandikwi kitu mpaka mkaguzi na mmoja wetu wakione kwa pamoja.

Maua hayakutusumbua, maana hayakimbii. Ya manjano yamejaa ukingoni, ya zambarau yamepanda juu ya wigo, meupe madogo yametapakaa chini kama mchele uliomwagika. Mkaguzi, bwana mmoja mkavu mwenye kalamu tatu mfukoni, aliandika bila hata kutabasamu. Ishirini na nane!

Shida ikaanza kwa wenye miguu.

"Sunguraaa! Yule paleee!" nikapayuka.

Mkaguzi akageuka. Nyasi zinatikisika tu.

"Sikumwona," akasema, akafunika kalamu.

Kigogota nikamfukuza hivyo hivyo. Na kenge. Wifi akanivuta kando, amenibana mkono mpaka unauma.

"Wifi, mdomo uliponza kichwa! Ukipayuka tena, leo mimi na wewe hatujuani."

Niliona haya, jamani. Nikanyamaza, na kwangu mimi hiyo ni kazi kuliko kufyeka. Tukapata vipepeo aina kwa aina, kereng'ende, mbayuwayu, kinyonga mmoja mvivu. Saa sita kasoro robo tulikuwa na thelathini na tisa, na njia imebaki kona moja tu.

Wifi alitangulia, anachungulia kila kichaka, jasho linamtiririka. Mkaguzi akasimama kutazama saa yake. Ndipo nikawaona: fisi maji na watoto wake wawili, juu ya jiwe, wanagombania samaki! Miaka yote nilikuwa naona nyayo zao tu! Kelele ikanipanda mpaka kooni. Nikauma mtandio, nikanyoosha mkono taratibu, nikamshika mkaguzi kidevu, ndiyo, kidevu cha mkubwa mzima, nikakigeuza kuelekea mtoni.

Akaona. Kalamu ikamdondoka.

"Mama yangu weee! Ana watoto!" akapiga ukelele kunishinda mimi.

Chubwi! Wakazama wote watatu. Wifi akaja mbio, macho yamemtoka.

"Si nilikukanya wewe?"

Ningejibuje, na mtandio umejaa mdomoni? Mkaguzi akainama, akaokota kalamu, akaandika arobaini. Kisha akajikalia majanini na suruali yake ya pasi, anatazama yale maji kama mtu aliyesahau alikotoka.

"Kesho mnafungua saa ngapi?" akamuuliza wifi. "Nataka nije na wanangu."

Wifi akafungua mdomo amtajie saa, yakamtoka machozi.