Majibu ya Bibi

Nyumbani kwa akina Profesa kulikuwa na sheria moja tu isiyovunjwa: ukurasa wa majibu haufunguliwi. Sheria nyingine, kama ile ya kuosha vyombo, zilivunjwa kila siku na hakuna aliyepelekwa polisi.

Kila Jumamosi mchana baba yake, fundi cherehani, alirudi na jarida la Kumbe kwapani. Kabla hata hajavua viatu, alichomoa pini kwenye ukosi wa shati akaubana ukurasa wa mwisho, ule wa majibu, kwa uangalifu wa mtu anayebana pindo la gauni la harusi. Kisha wote wakakusanyika sebuleni: mama kwenye kochi zima, kaka kinyozi kwenye kochi bovu, Bibi, mama yake baba, kwenye kiti chake kando ya dirisha, na Profesa, binti wa mwisho, sakafuni, masikio yamesimama. Baba alisoma swali, kila mtu akajibu, halafu yeye peke yake akachungulia katikati ya pini na kutoa hukumu.

Na hukumu ilikuwa ileile. Bibi kashinda.

"Shingo ya twiga ina mifupa mingapi?"

"Arobaini," alisema Bibi bila kupepesa. "Mfupa mmoja unausukuma mwenzake, ndiyo maana anafika juu."

Baba alichungulia. Akakohoa. "Arobaini. Mama, wewe ni hatari."

Kaka kinyozi aligeukia ukutani mabega yakimtetemeka. Profesa alidhani ni mafua.

Hakuitwa Profesa bure, binti huyu. Kitu kikiingia kichwani mwake hakitoki hata kwa bisibisi. Kwa hiyo shule yao ilipoingia mashindano ya chemshabongo, nani mwingine angekuwa nahodha? Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Swali la kwanza likaja, naye karibu acheke kwa urahisi wake.

"Shingo ya twiga ina mifupa mingapi?"

"Arobaini," alisema Profesa. Na kwa kuwa mkarimu, akaongeza, "Mfupa mmoja unausukuma mwenzake."

Kicheko kikapasuka ukumbi mzima. Mwamuzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena amtazame vizuri.

"Saba," alisema. "Kama yako wewe."

Profesa alijishika shingo. Alikuwa bado ameishika walipomuuliza ngozi ya dubu mweupe, chini ya manyoya, ina rangi gani. Bibi alishasema waridi. Profesa akasema waridi. Ilikuwa nyeusi. Hapo shule yao ikatolewa, na mpaka wanapanda basi kila mwanafunzi alikuwa anamsalimia kwa kunyoosha shingo.

Mwalimu wake alikuwa na swali moja tu. "Haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye Kumbe, mwalimu. Nitakuletea ushahidi."

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha baba yake, akamkuta ameinama juu ya koti, pini zimejaa mdomoni.

"Baba, naomba ile Kumbe ya twiga. Jarida limedanganya. Tumetolewa mashindanoni."

Cherehani ilisimama. Baba alimtazama mwanawe, kisha koti, kisha mwanawe tena. Akaonyesha pini mdomoni, kana kwamba ndizo zinazomzuia kusema. Kaka kinyozi, ambaye kiti chake cha kunyolea kilikuwa mlango wa pili, alichungulia na mashine mkononi.

"Ulisema arobaini?" aliuliza. "Mbele za watu?"

"Na ule msukumo wa mifupa."

Mashine iliendelea kunguruma hewani. "Baba, mwambie mtoto. Yametufika."

Baba alitema pini moja moja kiganjani. Alipofariki Babu, alisema, Bibi alinyamaza. Anaitwa, haitiki. Chakula anakula kwa kumtii mama tu. Hadi Jumamosi moja, swali likasomwa, sauti ikatoka dirishani. Bibi alikuwa amejibu.

"Akakosa," alisema baba. "Kakosa vibaya sana. Nilitaka kusema, mwanangu, ulimi ukagoma. Nikasema sawa. Akacheka. Tangu hapo nimeshindwa kurudi nyuma."

"Nyote mlijua?"

"Tulidhani na wewe unajua," alisema kaka. "Waridi, Profesa? Dubu?"

Profesa akakaa juu ya kitambaa cha mteja. Yote aliyokuwa anayajua ghafla yakawa yanayumba. Akianza kusahihisha, na Bibi anyamaze tena? Asiposahihisha, abaki mjinga wa nyumba nzima maisha yake yote?

Jumamosi alinyoosha mkono. "Leo majibu nashika mimi."

Baba alimpa jarida kama anayemkabidhi mtoto mchanga kwa mlevi. Mama alimkazia macho. Swali la kwanza lilihusu chakula kinachoweza kukaa miaka na miaka bila kuoza.

"Maharage ya mkwe wangu huyu," alisema Bibi. "Hata meno hayayawezi."

Profesa alichomoa pini.

"Umekosa, Bibi. Ni asali."

Bibi aliweka kikombe chini polepole, akageuza uso kutoka dirishani, akamtazama mjukuu wake.

"Hatimaye," alisema. "Nilidhani nitakufa kabla sijakosa swali humu ndani."

Baba alishika mkono wa kochi.

"Kila wiki naongeza uongo, nione huyu mwanangu atakataa lini. Twiga nilimpa arobaini, akameza. Wiki ijayo ningesema ana kwato za mbao."

"Bibi," alisema Profesa, "hiyo arobaini niliisema mashindanoni. Shule nzima."

Sasa ikawa zamu ya Bibi kushtuka. Mdomo ulimbaki wazi, na mkono ukapanda wenyewe mpaka kifuani. "Uliamini? Mjukuu wangu, wewe si ndiye unayesoma?"

Kaka kinyozi alianguka pamoja na kochi bovu. Bibi hakucheka. Alimvuta Profesa karibu na kiti chake, akamfuta uso kwa ncha ya kanga, akasema, "Soma lingine. Sasa tunacheza kweli."

"Pweza ana mioyo mingapi?"

Bibi alifikiri, safari hii kwa dhati, macho ameyafumba. "Mitatu."

Profesa aliusoma ukurasa. Akausoma tena, akausogeza karibu na pua: ilikuwa imeandikwa mitatu kweli.

"Mitatu. Sawa kabisa."

Baba alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mwanangu," alisema, "hata wewe umeshaanza kumdekeza?"