Pijo ya Masha

Gari ilikuwa inang'aa. Niliitoa picha kwenye bahasha pale pale kaunta, mjini Mbarara, nikaitazama, kisha nikamtazama Kwizera, fundi wa studio. Alikuwa ananitabasamia kama mtu anayengoja kushukuriwa.

"Nyabo, ile gari ilikuwa mbaya sana," akasema. "Mimi natengeneza yote. Hiyo kutengeneza ni ya bure."

Alikuwa ameitengeneza kweli. Kutu yote ameifuta kwa kompyuta. Matairi manne, ambayo wezi waliyabeba zamani, yamerudi. Bodi ameipaka buluu, penye kioo cha mbele kilichovunjika ameweka kioo cheusi, na nyasi za kule Masha ilikolala amezing'oa, akatandika lami na milima yenye theluji. Yesu wangu! Nilimwambia anitolee tena picha kama nilivyomletea. Akanionyesha taa ya dari: umeme ulikuwa umekatika. Ilikuwa Ijumaa jioni, gari ya mwisho ya Nakivale ilikuwa inapiga honi nje, na misa ya kumaliza kilio ilikuwa kesho asubuhi.

Sikuwa na nguvu ya kugomba. Siku hizi sina nguvu ya mambo mengi. Nilitia picha kwenye bahasha nikapanda.

Mimi ni Pélagie, mtu wa Fizi, Kongo, na hapa Rubondo, kambini Nakivale, wananiita Mama Foto. Kazi yangu ni sura za watu: harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza. Kila mtu anataka uso wake uwe mweupe kuliko alivyozaliwa, na nyuma yake ghorofa za Ulaya. Studio zimezoea hivyo. Kwizera hakukosa, alifanya anachofanya kila siku.

Nimechoka na sura. Kwa ajili ya roho yangu mwenyewe napiga vitu vilivyokufa kando ya barabara: trekta iliyoota mti katikati ya injini kwenye njia ya Oruchinga, basi ambalo mfugaji mmoja amelifanya zizi la ndama. Gari mbovu haikuulizi kwa nini umeonyesha makunyanzi yake. Watu wananicheka, "Mama Foto, leo umezika gari gani?" Waache wacheke.

Pijo ya Masha ndiyo niliyoipiga kuliko zote. Ilikuwa Peugeot ya mizigo, ya zamani, imelala kwenye shamba la mtu kando ya barabara, mabati yake mekundu kwa kutu. Nilikuwa nimeshaipiga mara nyingi kabla ya kujua ni ya nani. Siku moja nilimwonyesha jirani yangu Godeberthe, Mrundi, Mama Diane, picha zangu kwenye simu huku akichambua maharage. Ungo ukamponyoka, maharage yakatawanyika chini.

"Hiyo ni ya mume wangu," akasema.

Basi akanieleza. Walikimbia nayo vita, yeye, mumewe Thaddée na Diane akiwa mdogo. Ikawavusha mipaka yote bila kukohoa. Walipokwisha kupewa kiwanja hapa, Thaddée akawa anabebea watu ndizi, mpaka ikamfia Masha. Pompe ya esansi, ile ya kuvuta petroli. Alizunguka Mbarara yote, hakuna gareji yenye pompe ya Pijo ya zamani vile. Akasema anarudi Bujumbura kwa fundi wake, siku chache tu, na gari isiguswe. Tangu hapo ni miaka tisa. Hakuna simu, hakuna aliyemwona, hakuna kaburi.

Mwaka huu Diane akapata mchumba, kijana mzuri wa Oruchinga. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwa Warundi, mtu akifa, jamaa hukutana tena baadaye kumaliza kilio. Wao wanaita kuganduka. Kabla ya hapo Melchior, mdogo wake Thaddée, hawezi kukaa kwenye kiti cha baba na kupokea mahari. Nao wazee wa mchumba walikuwa wameshaanza kununa. Jamaa walimbembeleza Godeberthe, Diane akalia, mimi mwenyewe nikasema nikachoka. Jibu lake lilikuwa moja:

"Mutu hajafa. Alienda kutafuta pompe. Gari si iko?"

Kisha mwenye shamba akatuma neno: wanunuzi wa vyuma chakavu wanakuja Alhamisi kuikata. Nilidhani atapiga mayowe. Alikuja kwangu polepole, akakaa.

"Mama Foto, nenda uipige mara ya mwisho. Picha yake yeye sina hata moja, zote zilibaki Bujumbura. Ya gari ndiyo mutaweka kwa meza ya kilio. Ikishakatwa, mimi nitakubali."

Nilikwenda Jumatano, nikaipiga kama ilivyokuwa, na kutu yake, na nyasi zimeingia mpaka kwenye usukani. Niliipiga kwa heshima. Alhamisi wakaikata.

Jumamosi, baada ya misa, jamaa walikuwa wameshakaa uani kwake. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe, mshumaa na maua. Mbele kulikuwa na nafasi ya picha. Nilimvuta Melchior nyuma ya jiko nikamfungulia bahasha. Akashika kichwa.

"Ficha! Akiiona hivi atasema Thaddée ni mzima. Ataanza kungoja upya, na huyu mtoto atazeekea hapa!"

Diane alisimama nyuma yake na kitenge chake kipya, mkono mdomoni. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema nitasimamisha simu yangu pale mezani, picha ya kweli imo humo. Nilikuwa bado naitafuta mfukoni aliponitokea Godeberthe mwenyewe.

"Leta."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nikampa.

Aliishika kwa mikono miwili. Alipitisha kidole kwenye matairi, moja moja, kisha kwenye ile bodi ya buluu, kisha kikasimama kwenye kioo cheusi. Nilimwona Diane anafumba macho.

"Yooo," akasema taratibu. "Imepona."

Akaisogeza picha karibu na macho.

"Pompe aliipata, kumbe." Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyajali. Halafu akaiweka picha mezani, akaisogeza mpaka ikakaa sawa mbele ya mshumaa. "Mutu mwenye gari nzima hawezi kaa njiani. Mumuache aende."

Akamgeukia Melchior, akamwonyesha kiti.

"Shemeji, kaa pale. Muanze."

Mimi nililia kuliko wenye msiba. Uchovu wote niliokuwa nao ulitokea machoni, mbele za watu, bila aibu.

Jioni, tulipokuwa tunaosha vikombe, nilimwambia nitarudi Mbarara kumtolea ile nyingine, ya kweli. Alitikisa kichwa, akaendelea kusuuza.

"Ya kutu ikae kwako, Mama Foto. Mimi nilishaiangalia ikatosha."