Sahani ya Irene, Kingsbury Road

Mzee Ambrose alikuwa amevimba kichwa siku hiyo, na nani angemlaumu? Binti yake wa pekee, Irene, alisimama katikati ya mkahawa wa Kingsbury Road, London, kompyuta mezani, akiichambua biashara ya baba yake kama anayechambua mchele. Mzee hakuelewa hata nusu ya ule uchambuzi, wala hakujali. Alikuwa akimtazama mtoto tu, maana ulishapita mwaka na ushee hajatia mguu humo ndani.

Mikahawa ilikuwa mitatu, yote ikiitwa Kwa Ambrose: huu wa Kingsbury, wa Stratford na wa Croydon. Unapita kaunta, unaonyesha unachotaka, wali wa nazi, maharage, mchicha, muhogo wa kukaanga, unawekewa kwenye bakuli, unalipa, unakwenda zako. Ulianza huu, ambao Mzee aliufungua na marehemu mkewe baada ya kugundua kwamba kina mama wa Kigujarati waliozaliwa Kisumu na Dar wanaweza kununiana kwa ajili ya muhogo. Siku hizi biashara yote ilisimamiwa na Irene, lakini kwa simu na kompyuta, kutoka Croydon alikohamia. Na leo alimleta Kamal, mwekezaji aliyetaka kujua kama mikahawa mitatu inaweza kuwa ishirini.

"Inaweza," Irene alisema kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote, ila ulimi wake ulikuwa wa London. "Stratford watu wa treni hawakatiki. Croydon maofisi yote yanashuka mchana kuja kula. Mgonjwa wetu ni Kingsbury. Wateja wanakaa kutwa wakipiga soga, na jiko linakula faida. Tujenge jiko kubwa Croydon lipikie matawi yote. Hili la hapa lifungwe, ibaki kaunta. Mpishi wetu Anastasia ataenda kulisimamia lile."

Mzee Ambrose akaacha kumtazama mtoto, akatazama mlango wa jiko. Lifungwe?

"Halafu kuna upotevu mmoja wa ajabu," Irene akaendelea. "Kila siku, hapa tu, sahani nzima ya chakula inawekwa pembeni, na tukifunga inamwagwa. Si makombo. Chakula kizima, na samaki juu. Sijui ni uzembe wa nani."

Jamani! Mzee wa watu aliinamisha kichwa, akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi.

Kamal akanyoosha kidole kwenye rafu nyuma ya kaunta. Pale palikuwa na kawa kuukuu ya ukili, imefunika kitu. "Labda ndiyo ile?"

Sasa Anastasia, mpishi aliyekuwa nao tangu siku ya kwanza, alikuwa mlangoni mwa jiko, na mdomo wa Anastasia hauna breki. "Mwambie, Mzee. Au nimwambie mimi?"

"Anastasia, hebu niache."

"Sikuachi! Irene mwanangu, hicho chakula ni chako."

Ilikuwa hivi. Irene alipokuwa mtoto wa shule, mama yake alimfunikia chakula kila mchana, kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, na mtoto akifika na begi lake anafunua, anakula palepale rafuni, amesimama. Mama akafariki. Mtoto akakua, akaenda chuo, akapata kazi, akahama. Siku moja akapiga simu: "Baba, leo nitapita." Mzee akapakua, akafunika. Hakupita. Kesho yake mzee akafikiri, pengine alimaanisha leo, akafunika tena. Na mtu aliyesema atapita, chakula chake unakilaje? Ikawa ndiyo mtindo. Kila jioni akimwaga, roho ilimuuma, wala si kwa ajili ya samaki. Alimtamani mtoto wake. Alitamani ile sauti ya kijiko kikikwangua bati, basi.

Kamal, ambaye mama yake naye alikuwa na mambo yake ya namna hiyo, akajifanya anatafuta chaja. Halafu simu ya Irene ikalia, mtu wa Croydon, kikao kinaanza. Akaangalia simu, akaangalia rafu. Akaichukua sahani, akaifunga kwa karatasi ya foili, akatoka nayo mbio bila kuaga.

Siku zikapita. Rafu ikawa na kawa tu.

"Mfunikie kwenye sahani nyingine," Anastasia akasema.

"Sahani yake anayo mwenyewe," Mzee akajibu, na ungemsikia alivyosema usingemwongezea neno. Kila mlango ulipolia aligeuka. Akawa anawachanganyia wateja, aliyetaka mchicha anapewa muhogo, hata kina mama wa Kigujarati wakaanza kumuuliza kama anaumwa. Alijilaumu. Amemtia mtoto haya mbele ya mgeni, sasa hatarudi kabisa. Mara mbili aliinua simu ampigie, akairudisha mfukoni.

Jumapili, mvua ikinyesha, mlango ukalia. Irene huyo, amelowa chapachapa, ameishika sahani ya bati kwa mikono miwili, imefunikwa na foili.

"Mama alikuwa anasema sahani ya mtu hairudishwi tupu," akasema, kwa Kiingereza chake. "Hata ya jirani. Nilikuwa nikitumwa kuirudisha na maandazi ndani."

Mzee akafunua. Hee! Wali ulikuwa bokoboko upande mmoja na mkaa upande wa pili. Maharage yamekaa kama yalivyotoka dukani. Akavuta kiti, akala. Alikula yote, polepole, maharage yakilia menoni kama kokoto, na Irene akimwangalia kila tonge.

"Maharage hayajaiva," Mzee akasema alipomaliza.

"Najua." Akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo. "Nilijaribu mara tatu, Baba. Nisamehe. Nimempigia Kamal. Jiko la hapa halifungwi. Nitaifuta ile sehemu yote kwenye mpango."

Mzee akaisukuma sahani pembeni. Hilo ndilo alilokuwa akiliombea wiki nzima, na sasa limekuja, akaona haliwezekani.

"Usifute. Hesabu yako ni sahihi, mwanangu. Jiko zima nimeliwasha kwa ajili ya sahani moja, hiyo si biashara. Fungeni. Hata Anastasia ameshakubali, anasema huko Croydon atapata watu wa kuwagombeza."

Irene akachukua kawa rafuni, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Kisha akasema kwa Kiswahili, cha kujikwaa, neno moja moja.

"Sasa, Baba, utanifunikia wapi?"

Mzee akaangalia chini. "Siwezi kukudanganya. Tangu mama yako aondoke, jiko la nyumbani sijaliwasha. Nakula hapa, narudi kulala."

Irene akaipindua kawa, akaweka sahani ndani yake, akaikumbatia. Akafungua mlango, mvua ikaingia.

"Basi twende tukaliwashe," akasema. "Nina njaa."