Mdundo Alioukataza Syokau

Syokau alikuwa mtu wa kanisa, tena si wa kukaa viti vya nyuma. Pale Kasikeu ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama, na akianza kukukosoa mavazi utajuta kuzaliwa. Kwa hiyo Jumamosi ile, alipofika kumchukua mjukuu wake na kusikia ngoma iliyokuwa ikilia ndani ya ukumbi, miguu ilimkataa pale mlangoni.

Ndani, mwalimu Kivuva alikuwa akiwafunza karate watoto wenye usonji. Hakuwahesabia moja, mbili, tatu kwa sauti, maana wengi wao kelele za mtu huwaumiza. Aliwapigia ngoma. Ikilia, mguu mbele; ikilia tena, ngumi. Katikati yao alikuwa Kasiva, mjukuu wa Syokau, msichana wa miaka tisa asiyesema neno, ambaye mama yake, Mutheu, binti wa Syokau, alikuwa ameenda Saudia kutafuta kazi. Kabla ya karate, mtoto huyu alikuwa akigonga kichwa ukutani mpaka ngozi ichubuke. Tangu aanze, kichwa kilikuwa kimetulia, na ngumi zake zilikuwa safi kuliko za wenzake wote. Sasa tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba siku hiyo Kivuva alikuwa amebadilisha mdundo. Alikuwa akipiga kilumi, ngoma ya wazee ya kuita pepo, aliyofunzwa na babu yake kule kijijini Tulia. Na Syokau aliijua fika. Mama yake alikuwa mpigaji wa kilumi, na yeye mwenyewe usichanani aliipiga mpaka wanawake wazima wakaanguka wakitetemeka. Alipookoka, aliapa mbele ya kanisa zima kwamba mikono yake haitaupiga mdundo ule tena.

“Mwalimu, unamwitia mtoto wangu pepo?”

“Hapana, Susu,” Kivuva akajibu, akimwita bibi kwa Kikamba. “Nimejaribu midundo mingi, na huu ndio anaufuata bila kupotea. Mimi mambo ya pepo siyajui. Mimi naangalia miguu yake.”

“Hujui unachezea nini.”

Akamshika Kasiva mkono wakaenda zao, na Jumamosi iliyofuata hakumrudisha.

Kasiva akaanza kwa kukataa chakula. Halafu akaurudia ukuta. Syokau alimfunga leso nzito kichwani, akaegemeza godoro pale alipopenda kugonga. Mtoto akatafuta ukuta mwingine. Bibi aliomba, akafunga, akamwita mchungaji Kiema waombe pamoja. Wapi! Mutheu alipopiga simu kutoka Saudia, Syokau alimwambia mtoto anakula vizuri, kisha akaketi jikoni akiona aibu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu alikuwa amezaa mara moja na kulea mara mbili.

Alhamisi moja alasiri akina mama wa kanisa walikuwa waje kwake kwa maombi. Syokau alikuwa nyuma ya nyumba akiosha vikombe aliposikia kichwa kikigonga. Akakimbia. Alipokunja kona ya nyumba akasimama, kwa sababu hakukuwa kugonga ovyo. Mbili za haraka, kimya, moja nzito. Mbili za haraka, kimya, moja nzito. Mtoto alikuwa akijipigia kilumi kwa paji la uso, damu ikimchirizika mpaka kidevuni, na miguu yake ilikuwa imejipanga kama alivyofunzwa, mmoja mbele na mmoja nyuma, ikingoja.

Jamani, Syokau aliumia. Ni yeye aliyemnyang'anya mtoto ngoma.

Akavuta mtungi wa maji uliokuwa mtupu, akaupindua, akaketi chini na kanga yake na heshima zake, akapiga. Mikono haikuwa imesahau kitu. Kasiva akaacha ukuta. Akageuka, akatoa mguu, akakinga, akatoa ngumi.

Akina mama waliwakuta hivyo. Walisimama langoni na Biblia zao, na Mama Kimeu ndiye aliyepata ulimi.

“Mama Mutheu, hiyo si kilumi?”

“Ni kilumi,” Syokau akasema, bila kusimamisha mikono. “Ingieni mketi, ama mwende. Mimi siwezi kuacha.”

Walitazamana. Kisha wakaondoka, hata kuaga hawakuaga. Syokau alijua kabla ya jioni mchungaji atakuwa ameambiwa, na Jumapili mahali pake mbele ya akina mama patakuwa na mwingine. Jambo hilo lilimuuma sana, akalia pale pale, machozi yakidondokea mtungi.

Viganja vilianza kumwaka moto. Hakuwa tena msichana. Lakini kila mikono ilipolegea, Kasiva aligeuza uso polepole akautazama ukuta. Basi Syokau akapiga.