Mionzi ya Ghala la Ferrara

Hivi wewe ungefanyaje, mtu aliyekuaibisha mbele ya watu akikuita uzeeni mwake umtolee ushahidi?

Delfina alikwenda. Alifunga kipima mionzi chake ndani ya taulo, akaingia ghalani saa tatu asubuhi, ukungu bado umelala mashambani. Profesa Bassani, miaka themanini na mmoja, alikuwa amesimama kando ya mtambo wake amevaa tai iliyopigwa pasi. Mtambo wenyewe bomba tu, refu kama mkono, limefungwa karatasi ya kung'aa. Alidai viini vya atomu vinaungana humo bila moto mkali na kutoa nishati. Wenzake hawakumwamini tena. Alihitaji sahihi ya mpimaji wa nje, na wageni ishirini walikuwa wakingoja.

"Bibi Sakafu," Profesa akamwamkia, akicheka. "Leo umekumbuka kupima sakafu kwanza?"

Wageni wakacheka bila kujua wanachekea nini. Jina hilo alimpa yeye, mwaka themanini na tisa, alipowasomea wanafunzi mia mbili daftari la Delfina. Binti alipata mionzi kwenye chupa yake ya majaribio, kumbe ilitoka kwenye mawe ya sakafu, hakuipima kabla. Akaacha chuo. Miaka thelathini akapima vyumba vya eksirei hospitalini.

"Nimeanzia nje, Profesa," akajibu. "Mapigo thelathini kwa dakika. Mlangoni, thelathini."

Mtambo ukawashwa. Kando yake kipima kikahesabu tisini. Watu wakapiga makofi.

"Andika basi, mama," akasema Mezzadri, mwenye ghala. "Watu wana njaa."

"Uzimeni."

Mezzadri akazima. Delfina akavuta kiti, akaketi, akamega mkate wake wenye soseji ya mortadela, akatafuna polepole mpaka bomba likapoa. Akapima tena. Tisini.

"Umezimwa, na bado unafanya kazi," akasema. "Mtambo hodari."

Akapitisha kipima chini ya meza. Kikalia kama mafuta ya kukaangia.

"Mimi sijui kitu," Mezzadri akasema haraka, akimtazama mzee.

Delfina alishajua. Chini ya meza kimebandikwa kile kisoksi cha taa za karabai za zamani, chenye thoriamu, madini yatoayo mionzi, ambacho kila mpimaji hukiweka drooni cha kujaribia kifaa chake. Angeweza kumnong'oneza mzee, naye akakitia mfukoni, mambo yakaisha.

"Kibandue mwenyewe, Profesa. Watu waone."

"Delfina, magoti yangu."

"Tunangoja."

Mzee akapiga magoti kwenye saruji. Vidole vikakwangua gundi kitambo kirefu, hakuna aliyemsaidia. Akatoka nacho kiganjani.

"Mtambo ungekuwa unaunganisha atomu kweli," Delfina akawaambia wageni, "mionzi yake ingemuua Profesa anayesimama karibu nao, tungekuwa tumeshamzika. Uzima wake ndio ushahidi wangu." Akauandika, akatia sahihi.

Wageni wakatoka, mmoja akimwiga mzee anavyotambaa. Mezzadri akaenda kuwafungulia lango.

Profesa alibaki chini, tai imeingia vumbi, macho yamemjaa.

"Nilikuwa nataka kuiona nishati hiyo mara moja tu kabla sijafa," akasema. "Ungeweza kuniita pembeni. Wewe ulikuwa unataka nini, binti?"

Delfina akakunja taulo lake, pembe kwa pembe.

"Nilitaka siku yako ya kuchekwa ikifika, niwepo."