Kaburi la Shimo la Saba

Siku ya kwanza ya mashindano yake ya kwanza ya kulipwa, Tak Garam aliufuata mpira wake kwenye shimo la saba, katika uwanja mmoja wa gofu huko Yeoju, akaukuta umetulia juu ya kaburi la babu yake.

Alilitambua papo hapo. Lilikuwa tuta lile lile la mviringo lenye nyasi fupi, na jiwe lile lile la sadaka lililomeguka pembe siku babake alipoligonga kwa trekta. Ila kaburi lenyewe kwao ni Hoengseong, mwendo wa saa nzima kwa gari, na jana yake halikuwapo hapo. Babake, ambaye ndiye aliyembebea fimbo, alikuwa ameupima uwanja wote kwa hatua na kuandika kila kichuguu kwenye daftari.

"Baba, huyu si babu?"

"Ndiye," babake akasema, akautua mkoba. "Msalimie kwanza. Mpira utangoja."

Wakainama mara mbili, paji la uso chini, kama wanavyoinamiwa marehemu. Mwamuzi, Bwana Bang, akafika na kigari chake, akavua kofia, akasoma jina kwenye jiwe, kisha akafungua kitabu cha sheria. Hakuona kifungu. Akauliza kama familia ina pingamizi mpira ukiondolewa. Babake Garam akajibu kwamba marehemu hakupenda kuwekewa vitu mgongoni. Mpira ukaondolewa bila adhabu, na Garam akamaliza wa kumi na moja, jambo ambalo kwa mgeni si haba.

Wiki iliyofuata walikuwa Pocheon, na kaburi lilikuwa shimo la saba. Wakaenda kisiwa cha Jeju, likawatangulia kuvuka bahari. Kufikia Juni, Bwana Bang alikwisha kulichapisha kwenye karatasi ya kanuni: mpira ulioangukia kaburi la familia ya Tak uondolewe bure, na mchezaji ainame mara mbili. Kifungu cha kuinama walikidai wachezaji wenyewe. Ma Su-ryeon, bingwa wa mwaka uliopita na mwenye ulimi kama wembe, aliinama vizuri kuliko wote.

"Babu yako ananipenda kuliko wewe," alimwambia Garam.

"Anakuonea huruma tu, dada. Ameona unavyokosa mashimo."

Habari zikamfikia kwa simu Bibi Guk Bun-rye, bibi yake Garam na mjane wa marehemu. Akauliza tiketi bei gani.

Huyu bibi alikuwa na kisa na kile kilima cha Hoengseong penye kaburi. Garam alipokuwa na miaka minne, binamu mmoja wa ukoo aliyeishi Seoul, ambaye hajawahi kung'oa hata gugu moja pale, aliwauzia kilima watu wa klabu ya gofu. Makaburi yote yakahamishwa isipokuwa moja, kwa sababu Bun-rye alilikalia siku kumi na tisa na chungu chake cha achari ya kimchi pembeni. Wakamshindwa, wakalipinda shimo la saba lizunguke kaburi la mumewe. Halafu, bila aibu, wakamwajiri yeye na bibi wenzake wa kijijini kung'oa magugu, kila mmoja na kigoda cha sponji kimefungwa makalioni. Miaka kumi na miwili Bun-rye alipalilia shimo la saba huku akimpasha mumewe habari za mjini. Alipotimiza sabini na tano wakamstaafisha, wakampa mwavuli wenye nembo ya klabu, na kesho yake akawa mtu baki. Familia ikaruhusiwa kuingia siku mbili tu kwa mwaka, majira ya kuchipua siku ya Hansik, ya kuzuru makaburi, na kabla ya sikukuu ya mavuno ya Chuseok. Watu wawili, dakika arobaini, fomu ijazwe langoni.

Lakini hayo aliyavumilia. Lililomkosesha usingizi ni pale ubavuni mwa mumewe, palipoachwa wazi kwa ajili yake tangu siku ya maziko. Kila mwaka alikwenda kwa meneja, Bwana Ham, na gunia la viazi vitamu.

"Mwanangu, hatua tatu tu. Mimi si mnene."

"Bibi yangu, ingekuwa shauri langu ningekupa kumi. Wanachama hawataki kaburi jipya."

"Litakuwa jipya mwaka mmoja tu. Baada ya hapo litachakaa kama la mwenzake."

Bwana Ham alicheka, akachukua viazi, akasema hapana.

Basi bibi akaanza kwenda kwenye mashindano. Kila Alhamisi, mashindano yanapoanza, aliketi shimo la saba juu ya kigoda chake cha sponji, na wali wa gimbap uliokunjwa kwa mwani, chupa ya pombe ya soju, na mundu. Walinzi walimnyang'anya mundu siku ya kwanza. Siku ya pili Bwana Bang alimpa kitambulisho cha fundi nyasi. Alilinyoa kaburi, akamiminia mumewe kikombe, akamsimulia nani kazaa, nani kagombana na nani. Watu wakaanza kuja shimo la saba kwa ajili yake, na aliyepiga makelele wakati mchezaji analenga alipigwa jicho moja akatulia mpaka jioni. Miaka hiyo alinenepa. Alikuwa na furaha, na hakuificha.

Kule klabuni, kwa kuwa wiki za mashindano kaburi lilikuwa safarini, shimo la saba lilibaki tambarare na jepesi. Klabu iliona, ikapandisha ada kwa wiki hizo. Jumapili jioni kaburi lilirudi mahali pake, umande ukiwa bado juu yake.

Msimu wake wa tatu, siku ya mwisho ya mashindano makubwa kuliko yote, Garam alikuwa sare na Su-ryeon. Mpira wake ukadunda, ukapanda kaburini, ukaganda. Babu hakuusukuma hata kidogo. Alipokuwa kiongozi wa kijiji alimnyima mbolea ndugu yake wa tumbo moja kwa sababu hakupanga foleni, leo ndio aanze upendeleo? Garam akainama, akaweka mpira chini, akaupiga. Ukaruka juu, ukatua, ukabingirika taratibu mpaka ukatumbukia shimoni. Bibi Bun-rye aliinuka kwenye kigoda akacheza, na kigoda kikacheza nyuma yake.

Garam alishinda kwa pigo moja. Mtangazaji akamuuliza mbele ya nchi nzima anataka nini zaidi maishani.

"Bibi yangu anataka hatua tatu za ardhi," akasema, akaeleza ni wapi.

Klabu ilimtumia maua, na mwavuli.

Bibi alifariki vuli iliyofuata, akiwa na miaka themanini na miwili, baada ya chakula cha mchana alichokisifu. Babake Garam alijaza fomu ya kumwombea zile hatua tatu. Bwana Ham alikuja msibani mwenyewe, akainama mara mbili, akalia machozi ya kweli, akasema hapana. Mwenye nguvu mpishe. Wakamchoma, wakamweka kwenye nyumba ya majivu ya wilaya, rafu ya nne. Garam alilia mpaka sauti ikamkauka, na majira yote ya baridi hakugusa fimbo.

Majira ya kuchipua, Alhamisi ya kwanza ya msimu, huko Jeju, shimo la saba lilikuwa na matuta mawili. La pili lilikuwa dogo, nyasi zake bado changa, karibu na la kwanza kwa hatua tatu. Hatua ishirini kuyazunguka hapakuwa na gugu hata moja, na mafundi wa uwanja wakaapa kwamba hawajapagusa.

Bwana Bang akavua kofia, akapima, akauliza kama familia itaandamana na mashindano msimu wote.

"Muulize mama," babake Garam akasema. "Yeye ndiye anayepanga."

Su-ryeon, ambaye mpira wake uliangukia katikati, alikuwa ameshapiga magoti. "Sasa ni mara nne? Mtanimaliza, nyie ukoo wa Tak."

Garam alicheka mpaka akakaa chini. Hakuwa amecheka tangu msiba. Jumapili jioni matuta yalipoondoka, kila moja lilikwenda kwake, babu kilimani, bibi kwenye rafu ya nne.

Siku ya Hansik, Garam na babake walisimama kwenye lango la klabu wakajaza fomu. Idadi ya makaburi: moja. Mlinzi, kijana wa kijiji kile kile, aliomba saini kwenye kofia yake, kisha akatazama saa. Juu kilimani babu alikuwa peke yake, na ubavuni mwake zile hatua tatu za nyasi za klabu, zimekatwa vizuri, hazina kitu. Wakatandika mkeka, wakapanga samaki mkavu na matunda, wakamimina soju. Babake alimwaga kikombe cha pili pale penye nyasi tupu, akageuka kutazama kama kuna aliyemwona.

Mlinzi akapuliza filimbi kutoka chini. Garam akakunja mkeka, akapangusa lile jiwe lililomeguka pembe.

"Vumilia, babu," akasema. "Alhamisi si mbali."