Kizingiti cha Zizi la Zenon

Mimi si mtu wa kusema uongo. Nikiwa na neno nakupa usoni, na kijiji kizima kinanijua. Lakini asubuhi ile ya sikukuu ya Watakatifu Wote nilimtazama bibi wa watu machoni nikamdanganya, tena supu yangu ya kabichi iko mbele yake.

Aliitwa Bi Ludmiła Drogomirska, ajuza wa miaka themanini na ushee, ametoka Argentina na mkongojo wake. Ngome iliyo juu ya kijiji chetu waliijenga wazee wake, zamani za wapanda farasi wenye mavazi ya chuma. Alikuja na taa moja ya makaburi, ile ya glasi nyekundu, aiwashe juu ya jiwe la kaburi la babu yao Dobiesław, aliyezikwa katika kanisa la ngome. Alipanda mpaka juu, akakuta magugu na kuta tatu.

"Daktari amenikataza kusafiri tena," alisema akipuliza supu. "Mwanangu, wewe mwenyeji. Hujasikia jiwe lilikokwenda?"

"Ngome iliungua, bibi. Mawe yalipotea."

Yamepotea wapi? Kijiji chote kimejengwa kwa ngome ile, kuanzia jiko la jirani mpaka kisima cha padri. Na jiwe la Dobiesław liko mlangoni mwa zizi letu, limelazwa kifudifudi. Baba mkwe ndiye aliyelishusha kwa mkokoteni akalifanya kizingiti. Mwaka juzi tulilifunua tukichimba mfereji, tukaona mtu amechongwa, ana upanga, simba miguuni, na jina lake. Zenon, mume wangu, akalirudisha mbiombio.

"Watu wa mambo ya kale wakisikia, watatubomolea zizi," alisema. "Funga mdomo, Genowefa."

Nikaufunga. Na bibi huyu aliponijia nikiwa nakamua, alifuta matope ya viatu vyake pale pale kizingitini, nami namwangalia. Supu yenyewe nilimpa kwa sababu nafsi ilinisuta.

Mchana tulikwenda naye makaburini. Kwetu siku hiyo kaburi lisilo na taa ni aibu ya ukoo, na taa iliyonunuliwa kwa ajili ya marehemu hairudi nyumbani. Bi Ludmiła alizunguka na yake mkononi kama mtu aliyekosa kiti harusini, mwisho akasimama kwenye kaburi letu.

"Huyu nani?"

"Baba yangu," Zenon akasema.

"Basi nitamwashia yeye. Nyinyi mmenilisha." Akapiga magoti kwa taabu, akatoa kiberiti.

Hapo nikashindwa. "Bibi, usiwashe."

Zenon akanikanyaga mguu. "Baridi imempanda kichwani huyu."

"Niache. Bibi, huyu ndiye aliyelichukua jiwe lenu. Liko zizini kwetu. Asubuhi ulilifutia viatu."

Alirudisha njiti ndani ya kiberiti. "Na wewe ulikuwa unaniangalia."

"Nilikuwa nakuangalia."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Alininyooshea mkono tu nimwinue, na mkono wenyewe ulikuwa wa baridi, nikaona haya kuushika.

Tukarudi nyumbani. Zenon alileta trekta na mnyororo, akalipindua jiwe huku amenuna, halafu akalimwagia maji ndoo baada ya ndoo bila kuambiwa. Matope na mavi ya miaka yalitoka, na uso wa Dobiesław ukaonekana, pua imevunjika.

Bi Ludmiła alivua viatu. Novemba ile, na umri ule, alikanyaga jiwe lililolowa kwa soksi, akaiweka taa kifuani pa babu yake, akaiwasha. Nami nikavua mabuti yangu.

Saa ya kukamua ikafika, ng'ombe wakaja wakarundikana getini wakilia. Nilimtazama Zenon, maana njia yao ilipita juu ya jiwe, na nilijua ataanza kunung'unika.

"Watangoja," alisema, akainama kufungua kamba za mabuti yake.